Mwendo wa Farasi Aitwaye Mgomba

Siku ya pili baada ya kumzika wifi yangu Koku, nilikuwa jikoni kwake Buganguzi namenya ndizi za waombolezaji pamoja na wanawake wenzangu, visu vinakwenda na midomo inakwenda, nikasikia ugomvi sebuleni. Nilidhani wanagombania kibanja, shamba la marehemu, maana watu wa kwetu hawangoji udongo ukauke. Nikaweka kisu chini, nikasogea mlangoni na utomvu mikononi. Kumbe ni mjukuu wangu Asela, anayesoma chuo Mwanza, pamoja na wenzake waliomsindikiza msibani. Walikuwa wametandaza karatasi yenye viboksi juu ya mkeka, wamepanga vijitu vya plastiki, wanarusha dadu zenye pembe nyingi ambazo sijawahi kuziona, na kisa cha ugomvi ni farasi. Kijana mmoja mwenye miwani anashikilia kwamba aliyepanda farasi akishampiga adui amemaliza zamu yake, asimame hapohapo. Asela naye amekunja uso, anasema mpanda farasi anakwenda, anapiga, anapitiliza, la sivyo farasi wa nini? Wakafungua simu kutafuta sheria, mtandao ukawanyima. Nikawaambia nikiwa nimeegemea mlango: "Anapitiliza. Ila kama alianza zamu akiwa chini, kule kupanda kumeshamla nusu ya mwendo." Yule wa miwani akanitazama kama vile mbuzi ameongea.

"Bibi," Asela akasema, "wewe umejuaje?"

"Sheria hiyo ilipitishwa hapo ulipokaa."

Wakacheka, wakidhani natania ili kuwapunguzia huzuni. Mimi sitanii, na ndiyo sababu naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo atakayekuta herufi imepotea aiweke mwenyewe mahali pake. Habari za wazazi wangu siziandiki hapa. Naandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa katika nyumba hii nikiwa na miaka kumi na saba, na ninauandika kwa ajili ya Koku, kwa sababu pale kaburini wasemaji walisema alikuwa mama mpole na mcha Mungu, wakaketi. Mpole! Koku hakuwa mpole hata kidogo. Koku alikuwa hakimu.

Vita ile ya mpakani ilikuwa imekwisha miaka kadhaa nyuma. Walioondoka wakiimba walisharudi, na wasiorudi tulishawalilia. Tukadhani tumemaliza kulia. Ndipo ukaja ule ugonjwa ambao hapa kwetu uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kinang'aa na kila kijana anakitaka, hata ukikionyesha kwenye shati watu wanajua umefika mjini. Baadaye waliovaa wakaanza kukonda. Ulikuwa unasikia vilio kilima hiki, hujamaliza kufunga kanga vinaanza kilima kile. Kaka yangu Novatus, aliyepigana vita na kurudi hai, akaenda kufanya kazi ya kupakia mizigo bandarini Kemondo, akarudi mwaka ule na begi moja na kikohozi. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa mbele yake. Mimi nikatumwa nije kumsaidia wifi yangu kufua, kupika na kulea mtoto wao wa pekee, Leticia, ambaye alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza na kutwa nzima anakariri katekisimu akimfundisha kuku.

Jambo la kwanza nililolijua nilipofika ni kwamba wageni walikuwa wameacha kukaa. Walikuja, ndiyo, walisimama mlangoni, wakauliza "Mgonjwa anaendeleaje?" kwa sauti ya kanisani, na Novatus yuko palepale kitandani anasikia, wala hawamuulizi yeye. Koku alikuwa amekiweka kitanda cha Novatus sebuleni makusudi, karibu na dirisha, ili mume wake asifichwe chumbani kama mzigo. Sebule ile ilikuwa na majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni, juu yake mkeka wa miraba ya zambarau na nyeupe aliousuka mwenyewe, na harufu ya kahawa, ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yake. Koku aliniambia siku ileile, akikung'uta mto: "Wifi, mtu akiulizwa anaendeleaje kila siku, anageuka kuwa ugonjwa. Mimi nataka aulizwe kitu kingine."

Kitu kingine kilikuwa kitabu. Koku alisomeshwa na masista Kashozi, kisha akaenda sekondari Bukoba mjini, ambako kulikuwa na mwalimu mgeni wa Kizungu. Vita ilipoanza, mgeni yule akaondolewa haraka na kuacha kila kitu. "Wenzangu walichukua sufuria," Koku alipenda kusema, "mimi nikachukua vita." Kilikuwa kitabu chembamba, hakina jalada, cha Kiingereza, na mchwa walikuwa wamekula mahali walipopapenda. Kilifundisha mchezo wa kusimuliana vita. Mmoja ndiye msimulizi: anakuambia uko wapi, kuna nini mbele yako, na maadui wote ni wake. Wengine kila mmoja ana mtu wake, na anasema mtu huyo anafanya nini. Kama jambo ni gumu, bahati inaamua. Kitabu kilitaka dadu. Koku akatumia punje tano za kahawa iliyokobolewa, kwa kuwa punje ya kahawa ina mgongo na ina tumbo bapa. Unarusha, unahesabu matumbo yaliyotazama juu. Miraba ya mkeka ndiyo ilikuwa nchi. Watu walikuwa maharage, na farasi walikuwa vipande vya gunzi. Ukiona harage limekaa juu ya gunzi, huyo amepanda farasi.

Mchezaji wa pili baada ya Novatus alikuwa rafiki yake Dio, mtu mwenye baiskeli imara na biashara ya kahawa ya mpakani ambayo siielezi. Dio alikuwa anabisha hata salamu. Ukimwambia habari za asubuhi, anauliza asubuhi ya nani. Alipita kuaga tu, kama wengine, akasimama mlangoni, Koku akamwambia, "Dio, kuna jitu limefunga daraja, na mume wangu anasema wewe ungeogopa." Dio akavua viatu. Tangu alasiri ile hakukosa.

Mimi mwanzoni nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni. Koku alisoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha anakitoa kwa Kiswahili, na akichoka anaingia Kihaya. Nikamsikia anasema: "Askari aliyepanda hasukumwi." Nikawaza, amepanda nini? Kisha Novatus akasema, "Basi mimi nimepanda farasi, hapa, katikati ya njia." Sikuweza kuvumilia. Nikatoka na mwiko mkononi: "Kaka, farasi anapandwa? Mnamchimbia shimo kama mgomba? Sasa akishapandwa atakwendaje?" Kwa Kihaya kupanda mti shambani ni neno lake na kupanda mnyama ni neno lake, wala hayafanani, na mimi Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la nne na cha sokoni. Farasi wenyewe sijawahi kuwaona, na sijawaona mpaka leo. Novatus alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Koku akamshika mgongo, na alipopata pumzi akanyanyua gunzi lake akasema, "Jina lake ni Mgomba." Ndivyo farasi alivyopata jina, na mimi ndivyo nilivyoingia mchezoni. Nilipewa harage jeupe, tabibu anayetembea kwa miguu.

Sasa sikilizeni shauri lenyewe, maana hapa ndipo ninapomsifu Koku. Mahali ambapo kitabu kilieleza vita vya wapanda farasi, mchwa walikuwa wamekula sana, wakabakiza mstari mmoja: aliyepanda hutumia mwendo wa farasi. Basi. Mtu kwa miguu alikuwa na miraba mitatu, farasi tisa. Novatus akasema anatoka hapa na Mgomba, anampita mlinzi wa daraja, anamkata, anaendelea hadi ng'ambo. Dio, ambaye alikuwa upande wake, wa jeshi moja naye, akakataa!

"Ukipiga umesimama," Dio akasema. "Hata mimi nikitaka kukuzaba kofi lazima nisimame."

"Wewe unasimama kwa sababu una miguu yako. Mimi miguu ni ya Mgomba. Mkono wangu hauna habari na miguu yake."

"Basi ongeza mitatu yako kwenye tisa yake, uende kumi na mbili! Si mko wawili?"

"Dio, waitu, ndugu yangu, nimekaa. Aliyekaa anatembeaje?"

"Aliyekaa atulie, asipige watu."

Koku aliwaacha. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake. Alitafuna kahawa yake, akawatazama kama mama anayetazama sufuria, na walipokauka makoo akauliza maswali mawili ambayo aliyauliza kila mara: "Mstari unasema nini? Na ninyi mnataka useme nini?" Kisha akatutoa wote nje, na Novatus akabebwa kwenye kiti hadi barazani. Dio akaambiwa apande baiskeli yake, ashike fimbo, ampige mgomba ulio kando ya njia bila kusimama. Mara ya kwanza alianguka kwenye taka za ndizi, na majirani waliokuwa wakipita na mitungi wakasimama. Mama mmoja akamwambia mwenzake, tena kwa sauti, "Mgonjwa anakufa, wao wanapiga migomba." Koku akamjibu palepale, "Karibu, Mae, farasi bado wapo." Mara ya pili Dio akapiga, pwaa, akapitiliza hadi kwenye zizi, akageuka na uso wa mtu aliyeshindwa na huku amefurahi. Koku akatamka: anakwenda, anapiga, anapitiliza, mradi jumla isizidi mwendo wa farasi. Na kwa kuwa Dio alichukua muda kupanda na kushuka, kupanda au kushuka ni nusu ya mwendo. "Sheria imepita," akasema. Neno hilo likishatoka, lilimfunga hata yeye. Wiki iliyofuata Novatus alitumia sheria hiyohiyo kumpita mfalme mwovu wa Koku na kumkata kichwa, mfalme ambaye Koku alikuwa amemtunga kwa miezi, na Koku hakubadili hata neno. Aliondoa harage lake mkekani, akalitia kwenye chungu cha mchana. Tukamla mfalme kwa ndizi.

Nimeishi kati ya watu wengi wenye madaraka. Sijaona wengi wanaokula mfalme wao.

Mvua za masika zilipokaribia, Novatus hakuweza tena kusimama. Ndipo jambo la Leticia likaja juu. Komunyo ilikuwa imepangwa, gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa na kuning'inizwa ukutani juu ya kitanda cha baba yake, na kanisa la parokia liko nyuma ya kilima, njia ya kupanda na kushuka. Leticia alimuuliza baba yake mbele yetu sote, "Tata, utakuja?" Novatus akasema atakuja. Mtoto alipotoka, akageukia ukuta. Koku akamwambia taratibu kwamba Dio ana baiskeli na kiti cha nyuma ni kipana. Sijawahi kumsikia kaka yangu akisema kwa ukali vile. "Sifungwi kwenye keria kama gunia la kahawa. Nimeona wanaopita hapa wamefungwa kwenye keria. Wote wanapelekwa, hakuna anayekwenda." Na ilikuwa kweli. Mwaka ule wagonjwa walipita hivyo, wamefungwa kwa mpira, shingo inacheza, na waliokufa walipita hivyohivyo, na kwa mbali hukuweza kutofautisha. Mtu aliyekwenda vita kwa miguu yake hakutaka binti yake amwone hivyo siku ya gauni jeupe. Koku hakubisha. Nilishangaa, nikamlaumu moyoni. Leticia alikuwa anahesabu Jumapili, na mama yake anachambua maharage tu.

Alasiri moja tukacheza. Nakumbuka tulikuwa tumekula ndizi na samaki mkavu, na Novatus alikula vijiko viwili ili kumridhisha mpishi. Katika hadithi yetu jeshi lilikuwa linarudi nyumbani, lango la mji liko ng'ambo ya mkeka, na adui akatoka kichakani akampiga mshale mpanda farasi. Koku akarusha kahawa, matumbo matano yote juu. Harage la Novatus likaishiwa nguvu kabisa. Hajafa, lakini hawezi hata kunyanyua mkono.

"Basi amebaki hapo," Dio akasema. "Mtu bila nguvu mwendo wake ni sufuri."

"Mwendo wake!" Novatus akajiinua kwa kiwiko. Sikuwa nimemwona akijiinua tangu mwezi ule uanze. "Mwendo wake wa nini? Mstari unasema aliyepanda hutumia mwendo wa nani?"

"Wa farasi. Lakini lazima amwongoze."

"Mgomba anajua nyumbani. Na ninyi mko wapi, si mnaweza kushika hatamu? Mimi vitani nilibebwa mgongoni, Dio, risasi iko kwenye paja. Nilibebwa na mtu hata jina sikulijua. Unataka kusema sikurudi? Kwamba alirudi yeye peke yake?"

Koku alikuwa ameacha kutafuna. Akauliza kwa sauti ileile ya siku zote, kama vile ni kahawa tu na maharage: "Nataka kuelewa kabla sijaamua. Anayefika langoni akiwa amekaa, hana nguvu, farasi anaongozwa na wenzake. Amefika, au ameletwa?"

"Amefika," Novatus akasema.

"Kama wengine?"

"Kama wengine! Tena walinzi wampigie saluti."

"Mstari unasema hivyo?"

"Mstari haukatai. Na mimi nataka useme hivyo."

Koku akanyanyua gunzi na harage juu yake, akalipitisha mraba kwa mraba hadi ukingo wa mkeka, akaliweka chini. "Aliyepanda akiishiwa nguvu, farasi anaendelea, na safari inahesabiwa ni yake. Sheria imepita." Kisha akaanza kukusanya vyombo.

Sijui mpaka leo kama alikuwa ameipanga. Nilimuuliza tukiwa wazee, tumekaa kwenye baraza hii tunatoa senene mabawa, akanijibu, "Wifi, kahawa ndiyo zilianguka." Nami najua kahawa zinaanguka zinavyotaka. Lakini najua pia nani aliweka lango ng'ambo ya mkeka.

Jumapili yenyewe kulikuwa na ukungu wa ziwa mpaka kwenye migomba. Leticia alikuwa ametangulia na wenzake. Novatus alikuwa ameshanyolewa ndevu na mimi, amelala, anatazama msumari mtupu ambapo gauni lilikuwa. Koku akaingiza baiskeli ya Dio ndani ya nyumba, juu ya majani, juu ya mkeka, mpaka kitandani, magurudumu yanadondosha tope kwenye nchi yetu yote. Kwenye usukani alikuwa amefunga gunzi.

Novatus akalitazama, akauliza.

"Huyo nani?"

"Mgomba," Koku akasema.

"Koku."

"Sheria imepita, baba Leticia. Niliiandika mimi? Uliitaka wewe."

Kaka yangu akafumba macho, na nikaona tumbo lake linatikisika chini ya blanketi, nikaogopa, kumbe anacheka. Tukamvalisha koti. Hatukumfunga. Koku alisema askari hafungwi, akamshika ubavuni upande mmoja na mimi upande wa pili, Dio mbele ameshika usukani, na tukapanda kilima hivyo, watu wanne na baiskeli moja, tukipumzika kila aliposema tupumzike, kwa kuwa mwenye safari ni yeye. Waliokutana nasi njiani walianza kuinamisha vichwa kama ilivyokuwa desturi ya mwaka ule, halafu wanamsikia mgonjwa mwenyewe anawasalimia kwa majina, anawauliza habari za ng'ombe na mashamba, wanainua vichwa haraka na kujibu.

Tulipofika uwanja wa kanisa watu walikuwa wamejaa hadi nje. Wakageuka. Walitutazama kwa macho yale ya wageni wa mlangoni, na Dio akaona haya kwa niaba yake. Akainama, akanong'ona, "Novatus, shuka hapa, tukushike utembee hatua mbili tatu, wakuone umesimama."

Novatus akasema, tena si kwa kunong'ona: "Kushuka ni nusu ya mwendo. Nipeleke mpaka mlangoni."

Dio akacheka kwa sauti, mbele ya kanisa, na Koku akacheka, mimi nikacheka hadi machozi, na watu wakafungua njia bila kujua tunacheka nini. Tukampeleka mpaka mlangoni. Watoto walikuwa wamepanga mstari, mikono imekunjwa, wameonywa na katekista kwamba atakayegeuka nyuma atarudishwa mwaka mwingine. Leticia aligeuka. Alimwona baba yake ameketi juu, amenyolewa vizuri, mkono mmoja umenyanyuliwa kwenye paji la uso. Yule mtoto akakunjua mikono yake na kumpigia saluti. Katekista akatazama pembeni.

Novatus alituacha kabla kahawa haijaiva. Dio naye alimfuata miaka michache baadaye, kwa njia ileile, na Koku alikwenda kuketi kitandani kwake na mkeka na punje tano, akamwachia abishe mpaka siku ya mwisho. Koku alizeeka. Hakuwahi kuwa mpole.

Basi jana, nilipomaliza ndizi zangu, nilirudi sebuleni. Mkeka walioukalia ni mwingine, ule wa zambarau ulishaoza zamani, lakini mahali ni palepale, chini ya dirisha. Leticia mwenyewe, mwanamke mzima sasa, macho yamevimba kwa kulia, alikuwa ameketi nyuma ya vijana anatazama vijitu vyao. Wakanipa nafasi. Yule wa miwani, ambaye nimeanza kumpenda kwa sababu anabisha, akanisogezea kijifarasi chake cha plastiki, harage lake, niseme hivyo, limepigwa na joka na limelala shingoni.

"Bibi," akaniuliza, safari hii kwa heshima, "huyu ameishiwa nguvu. Farasi anaendelea?"

"Anaendelea."

"Mpaka wapi?"

Nilitaka kujibu, lakini Leticia alinitangulia.

"Mpaka mlangoni," akasema.